Foleni ya Mawe: Uchaguzi wa Kwanza wa Kata ya Rwabikere

Siku mliyoniaga kwa soda na keki, ninyi watendaji vijana mliniomba niwaandikie uzoefu wangu. Uzoefu sijui unaandikwaje. Najua kuandika taarifa, basi hii isomeni kama taarifa ya mwisho ya Mama Editha, Mtendaji mstaafu wa Kata ya Rwabikere. Ni ya kwanza maishani mwangu isiyohitaji muhuri. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka, maana mishahara yenyewe ilikuwa inaturuka sisi.

Nimezaliwa Mugoma, kwetu ni migomba na kahawa, na Kiswahili nilikikuta shuleni kama wengi wenu. Kazi nilianzia Nyakisasa, nikiwa mtendaji wa kijiji, chini ya Mzee Ntahondi aliyekuwa mkubwa wangu pale ofisi ya kata. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyenye kisigino. Aliviangalia, akaitikia shikamoo yangu, akasema twende tukauone mpaka wa kijiji. Tulirudi jioni viatu nimevishika mkononi. Kesho yake nilikuja na raba, naye akaniambia sasa naweza kufundishika.

Vitu alivyonifundisha ni vidogo, lakini nimevitumia hadi juzi. Kwenye mkoba uwe na kalamu mbili, mwavuli na kipande cha sabuni, kwa sababu karatasi ya serikali ikishikwa na mkono wa tope hakuna anayeiamini. Kwenye mkutano wa hadhara kaa pale unapomwona aliyekaa nyuma kabisa, maana maneno yatakayoharibu mkutano yanaanzia huko. Mpaka usiutaje kabla hujautembea. Hili la mwisho alilirudia mno, na mwanzoni nilidhani ni ubishi wa mzee anayependa kutembea.

Wakimbizi wa Rwanda walipofurika kambi ya Benaco, tuliazimwa watumishi wachache kwenda kusaidia. Mimi nilipangiwa kwenye mabomba ya maji. Watu walikuwa wengi kuliko akili yangu ilivyoweza kuwapokea, na maji yalikuja kwa zamu. Huwezi kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa asimame juani mpaka bomba litoe. Basi wale kina mama walipanga wenyewe: unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kuhangaika na mengine, ukirudi nafasi yako ipo. Zamu ya jiwe ikifika na mwenyewe hayupo, watu wanasubiri kidogo, kisha wanapita, lakini jiwe haliguswi. Akirudi anaingia mbele bila maneno. Kulitoa jiwe la mwenzako kulikuwa na maana moja tu, kwamba hana sehemu pale na aondoke. Niliona ndoo zikirushwa kwa ajili hiyo.

Wakimbizi waliondoka, desturi ikabaki. Wenyeji wetu waliichukua, na wafugaji waliotoka Mwanza na Shinyanga walipokuja wakaikuta na kuifuata. Kisimani ni mawe, mashineni ni mawe, hata zahanati siku ya chanjo utakuta tofali, ndala moja na mpini wa jembe vimepanga foleni kwa adabu kuliko sisi tunavyopanga benki.

Sasa nije kwenye kata. Rwabikere haikuwepo. Kulikuwa na kata kubwa mno, ambayo diwani wake alitufikia wakati wa kuomba kura na wakati wa kuomba tena. Watu wakaomba igawanywe. Maombi yalipanda vikao vyote, yakashuka, yakapanda tena, na hatimaye tukaambiwa kata mpya imekubaliwa na mimi ndiye mtendaji wake. Ofisi ilikuwa chumba cha kuazima chenye meza ya miguu mitatu. Mguu wa nne nilikuwa mimi, nikiiegemea wakati wa kuandika.

Ugomvi ulikuwa juu ya Mbugani. Upande wa juu, kitongoji cha Kumwendo, wanakaa Wahangaza wakulima, Wakatoliki wa tangu babu zao. Bondeni, ng'ambo ya kijito, ni Mbugani, kwa Wasukuma wenye ng'ombe. Baadhi ya watu wa Kumwendo walitaka mpaka upite kwenye kijito, ili Mbugani iachwe nje, isogezwe Biharamulo au popote, mradi isiwe kwetu. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Mzee Laurenti. Alikuwa na shamba la maharage kando ya kijito na kesi ya ng'ombe karibu kila msimu.

"Mama Mtendaji," alisema mkutanoni, "kata tumeiomba sisi. Hawa ni watu wa kupita. Leo wapo, kesho majani yakiisha wamehama. Utampaje mtu wa kupita diwani?"

Upande wa wanawake akasimama Mama Kabula, mjane wa Mbugani, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hakupaza.

"Mume wangu nimemzika hapa," alisema. "Wewe Mzee Laurenti ulishika jeneza, nilikuona. Sasa mkinihamishia Biharamulo, na kaburi mtalibeba?"

Mzee Laurenti alikaa. Mpaka niliutembea kama nilivyofundishwa, nikauandika upite nyuma ya Mbugani, na wakubwa wakaukubali. Lakini kukubaliwa na wakubwa ni jambo moja, na kukubaliwa na jirani ni jingine. Wakati wa kuandikisha wapiga kura watu wa Mbugani walisitasita. Mama Kabula alinifuata ofisini.

"Mayo," akaniita mama kwa Kisukuma, "tukijiandikisha tutapiga kweli? Au tutafika pale tuambiwe turudi tulikotoka?"

Nikamwambia mtapiga, na mimi nitakuwepo. Akaenda kuwahimiza wenzake. Kuanzia hapo lilikuwa deni langu, na nililala nalo na kuamka nalo. Nilijua watu wa Mbugani wakikosa uchaguzi ule wa kwanza, kwa sababu yoyote ile, wataitwa watu wa kupita mpaka wajukuu wao.

Siku ya uchaguzi ikafika na mvua. Kituo kilikuwa shule ya msingi iliyo juu ya bonde. Watu wa Mbugani ndio waliofika wa kwanza, kabla hakujapambazuka vizuri, kwa sababu ndio wanaotoka mbali. Nyuma yao wakaja wa Kumwendo. Vifaa havikuja. Gari lilikuwa limezama kwenye tope kilima cha pili, na msimamizi wa kituo alikuwa humo ndani pamoja na masanduku. Mimi, msimamizi msaidizi wa uchaguzi kwa kata nzima, nilikwenda kulisukuma na wengine, kwa hiyo haya ya mwanzo niliyasikia baadaye.

Waliosubiri walisubiri sana. Kijito kilikuwa kinajaa, ng'ombe hawajanyweshwa, na wa Kumwendo walikuwa na mbegu za kufukia mvua ikiwepo. Wakafanya wanavyofanya siku zote. Kila mtu aliweka jiwe lake, kuanzia mlango wa darasa la nne mpaka nyuma ya goli la mpira, wakatawanyika kwenda kazini wakingoja kusikia honi ya gari.

Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Gwakisa, kijana kutoka Mbeya, aliyehamia shule ile muhula uliotangulia. Mchapakazi, msafi, shati limepigwa pasi hata siku ya tope. Gari lilipofika alikuta uwanja hauna mtu, ila kuna mstari wa mawe, matofali, kopo na ndala. Akaona uchafu. Mwalimu ni mwalimu. Wakati karani anapanga kituturi na kufunga lakiri za sanduku mbele ya mawakala wa vyama, yeye na mgambo waliyaokota mawe yote na kuyapanga kuzunguka mlingoti wa bendera. Nilipofika kwa bodaboda dakika chache baadaye alikuwa anajifuta mikono.

"Shikamoo mama. Umeona mazingira yalivyopendeza?"

Niliona. Kama angepaka na chokaa ningelia.

Watu wa Kumwendo walio karibu walikuwa wameshaanza kurudi. Walisimama pembeni ya uwanja, hakuna aliyekaribia mlango, wanatazama mlingoti. Halafu nikasikia habari mbaya zaidi. Mwanamke mmoja wa Mbugani alikuwa wa kwanza kurudi. Alimkuta mgambo amebeba jiwe lake kifuani, akauliza linakwenda wapi, mgambo akamjibu limeondolewa kwa amri. Yule mama hakuuliza amri ya nani. Aligeuka akashuka bonde mbio kuwaambia wenzake kwamba mawe ya Mbugani yametupwa.

Nilimweleza Mwalimu Gwakisa alichokifanya. Uso ulimbadilika, maskini.

"Mama, mimi kwetu foleni ni watu."

"Hata hapa ni watu," nikamwambia. "Hao umewazungusha bendera. Warudishe."

Aliyarudisha kwa mikono yake, jiwe moja moja, akiwa na ile mikono ya shati jeupe. Watu walimwelekeza. Mtu anaweza kusahau jina la jirani yake lakini jiwe lililokuwa mbele ya jiwe lake halisahau. Tofali lilifuatiwa na ndala, ndala ikafuatiwa na jiwe lenye mstari mweupe. Mbele kabisa yalikuwa ya Mbugani, mengi, na wenyewe hawapo. Jiwe la kwanza la Kumwendo lilikuwa la Mzee Laurenti. Mbele yake lilikuwa la Mama Kabula.

Mwalimu akatangaza kituo kimefunguliwa. Mawakala wa pande zote walitaka watu waanze. Tulisubiri kidogo, kama desturi inavyotaka, Mbugani hawakutokea. Nikamwambia Mzee Laurenti, kwa kuwa wa mbele hawapo, apite.

Hakupita. Alisimama nyuma ya jiwe lake, kofia mkononi, mvua inamdondokea.

"Mzee, zamu ni yako," nikasema.

"Wangekuwa wamechelewa ningepita," akajibu. "Hawakuchelewa. Wametolewa. Mimi yule mama ng'ombe wake nawashtaki, na nitawashtaki tena. Nafasi yake siwezi kuichukua."

Mtu wa nyuma yake akasema basi na mimi siwezi, na wa nyuma yake vilevile. Wakala mmoja alianza kufoka kwamba huu ni uchaguzi si kisima. Mzee Laurenti hakumtazama. Nilijisikia kumkumbatia na kumtikisa kwa wakati mmoja, kwa sababu kituo sasa kilikuwa wazi, wino upo, karatasi zipo, na hakuna mtu anayepiga kura. Saa kumi jioni kinafungwa. Sheria mnaijua: aliye kwenye mstari saa kumi inapogonga atapiga, asiyekuwepo basi.

Nilimwambia Mwalimu Gwakisa abaki na kituo chake. Nikawaomba watu wa Kumwendo wapige, kwa sababu kukataa kwao hakutamrudisha mtu, na nikawaahidi kwamba mimi nakwenda Mbugani mwenyewe. Waliangaliana. Mzee Laurenti akasema wao wapige, yeye anakwenda na mimi. Ndipo mstari ukaanza kusogea. Nikaliokota jiwe la Mama Kabula, Mzee akaliacha la kwake pale pale lilipokuwa, kwenye kona ya ukuta, tukapanda bodaboda watatu na jiwe, kosa ambalo askari wa kituo alichagua kutoliona.

Watu wa Mbugani tuliwakuta upande huu wa kijito. Maji yalikuwa yamejaa, yakawafungia malisho yao ng'ambo, na ng'ombe wote walikuwa wamebanwa kwenye kipande cha majani jirani na maharage ya Mzee Laurenti, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Watu wazima wote walikuwa wamepanga mstari na fimbo kuwazuia. Watoto wasingeweza. Ng'ombe mwenye njaa akishaona maharage haheshimu mtoto.

"Mwadila mayo," nikamsalimu Mama Kabula kwa Kisukuma.

Aliitikia, lakini macho yalikuwa kwenye jiwe.

"Umeniletea ili nijue nisirudi?"

"Nimelileta ulirudishe mwenyewe. Aliyelitoa ni mgeni, hakujua. Ameyapanga yote tena kwa mikono yake."

"Mayo, wewe uliniambia utakuwepo. Nimefika pale giza halijatoka. Sikukuona."

Hilo liliniingia. Nilikuwa na jibu, gari na tope na kilima cha pili, lakini jibu la kweli si mara zote linamsaidia mtu aliyeumizwa. Nikasema, "Sasa nipo. Na muda unakwisha. Ukibaki hapa, waliosema wewe ni mtu wa kupita watasema umekubali mwenyewe."

Akamgeukia Mzee Laurenti. "Na wewe? Si ndiyo furaha yako?"

Mzee alijikuna shingo. "Nilikuwa nyuma yako," alisema. "Nimeshindwa kupita."

 Kisha Mama Kabula akaonyesha ng'ombe kwa fimbo. "Na hawa? Tukiondoka wote wakaingia kwenye maharage yako, kesho niko kwa Mtendaji tena."

"Nipe hiyo fimbo," Mzee Laurenti akasema. "Maharage ni yangu. Nani atayalinda kuliko mimi?"

Watu wa Mbugani walicheka, kicheko cha kwanza siku ile. Kisha wakaanza kupanda kilima, wengine wakikimbia, kina mama wamefunga khanga kiunoni. Mama Kabula alipanda bodaboda na mimi, jiwe amelishika mapajani. Nyuma yetu tulimsikia Mzee akiwafokea ng'ombe kwa Kihangaza, lugha ambayo nadhani hawakuielewa, lakini sauti waliielewa.

Alilirudisha jiwe pale lilipokuwa. Mwalimu Gwakisa alitoka mlangoni akasema mbele ya watu wote, "Mama, nilikosea, nisamehe." Akaitikia kwa kichwa, akaingia. Alikaa kwenye kituturi muda mrefu, kisha akatumbukiza karatasi, akachovya kidole. Alipotoka, wa Mbugani walikuwa wanawasili wakihema na kusimama kwenye mawe yao.

Jiwe lililobaki bila mtu lilikuwa moja, kwenye kona ya ukuta. Nilimtuma dereva wa bodaboda amlete Mzee Laurenti haraka, na kijana mmoja wa Mbugani aliyekwishapiga akapanda naye akachukue fimbo. Bodaboda ilirudi na wote wawili, Mzee hayumo. Alikuwa amemwambia yule kijana kwamba peke yake hataweza, kundi ni kubwa, wakiingia maharage msimu umekwisha. Waje wengi ndipo aondoke. Na wengi walikuwa kwenye mstari.

Saa kumi ikagonga. Askari akaja kwangu, maana sheria inamtaka asimame nyuma ya mtu wa mwisho. Akaniuliza mwisho wa foleni ni wapi. Watu wakaanza kusema, wa Kumwendo na wa Mbugani kwa pamoja, kwamba Mzee Laurenti yupo, jiwe lake hilo hapo, asubiriwe. Mama Kabula ndiye aliyesema kwa nguvu zaidi. Mwalimu Gwakisa aliniangalia kwa macho ya kuomba. Nilijua ningesema asubiriwe mawakala wote wawili wangekubali wakati ule na kukata rufaa kesho yake, na kura zote za siku ile, za Mbugani zikiwemo, zingekuwa mashakani.

Nikasema, "Jiwe linashika nafasi, halipigi kura. Mtu wa mwisho ni yule mama mwenye kitenge cha njano. Simama nyuma yake, afande."

Sikuwahi kusema sentensi nzito kama ile katika kazi yangu yote. Iliniuma, na bado inaniuma, na ningeisema tena.

Chaguzi zilizofuata Rwabikere hazina hadithi. Mbugani walipewa kituo chao, na Mwalimu Gwakisa amekuwa mwenyeji, anaweka jiwe lake mashineni kama sisi. Mkipangiwa kata mpya, mtapewa ramani na semina. Someni vyote, kisha nendeni mkajue watu wa pale wanashikaje nafasi.

Jioni ile nilikuwa na kituo kingine cha kupitia ng'ambo ya bonde, nikampa Mama Kabula lifti mpaka kwa ng'ombe wake. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Mzee Laurenti alisimama kati ya kundi na shamba, matope mpaka magotini, sauti imemkauka. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshapita upande wa pili, na tuta zima la maharage limelala chini.

"Umepiga?" akamuuliza Mama Kabula.

"Nimepiga. Wote tumepiga. Wewe tuliomba usubiriwe."

Mzee akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Akamrudishia Mama Kabula fimbo yake.

"Basi sasa wewe ni mtu wa hapa," alisema. "Kesho saa tatu njoo ofisini kwa Mtendaji. Nina kesi na wewe ya maharage."